Nyuso Zinazofanana, Mikono Isiyofanana: Mwanamke wa Nyumbani katika Picha za Mbao za Japani

Picha za Japani zilizochapwa kwa vibao vya mbao tangu karne ya 17 hadi karne ya 19 hujulikana kwa jina la ukiyoe, neno lenye maana ya picha za ulimwengu unaoelea, na ulimwengu huo ulikuwa ule wa starehe za mjini: majumba ya maigizo, nyumba za chai, mashindano ya mieleka, na mtaa wa Yoshiwara katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, mtaa uliozungushiwa ukuta na kupewa leseni ya serikali kwa biashara ya ukahaba. Kwa kuwa picha za waigizaji na makahaba mashuhuri ndizo zilizotangulia kuvuta macho ya wanunuzi, waandishi wengi wa historia ya sanaa nao wamezoea kuanzia huko, na kuzipita haraka picha zinazomwonyesha mwanamke akianua nguo, akimenya bilinganya, akikagua kitambaa au akimbembeleza mtoto. Mhadhara huu unazishughulikia picha hizo zinazopitwa haraka. Hoja yake ni kwamba ukweli wake hautafutwi usoni mwa mwanamke, kwa sababu uso huo ulichorwa kwa kanuni na kurudiwa karibu bila mabadiliko kutoka chapa moja hadi nyingine. Ukweli umo mikononi, katika jinsi vidole vinavyoshika kisu, sindano au kata ya maji, kwani hapo ndipo mchoraji alipolazimika kutazama.

Chapa moja haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji, aliyemiliki duka na mtaji, ndiye aliyeamua mada na kubeba gharama. Mchoraji alitoa mchoro wa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliubandika mchoro huo kifudifudi juu ya kibao cha mti wa mcheri, akachimba na kuacha mistari tu ikiwa imeinuka, hivyo mchoro wenyewe ukaangamia ili chapa izaliwe. Na mchapaji akapaka rangi za maji zilizochanganywa na gundi ya mchele, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa bareni, yaani kisugulio cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Kila rangi ilidai kibao chake, na ili rangi zisipishane, alama mbili ziitwazo kento zilichongwa pembezoni mwa kila kibao, ambako karatasi iliegemezwa kila ilipowekwa. Karatasi hiyo ilitengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi, na uimara wa nyuzi hizo ndio ulioiwezesha kusuguliwa tena na tena pasipo kupasuka. Katika karakana ya uchongaji, kazi ya nywele, hasa pale zinapoota kwenye paji la uso na shavuni, ilikabidhiwa kwa fundi mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote, maana mstari mmoja ukivunjika kibao kizima kimeharibika.

Rangi nyingi zilipoingia katika uchapaji huu, ziliingia pamoja na nguo za kuanua. Serikali ya watawala wa ukoo wa Tokugawa ilidhibiti utoaji wa kalenda, na kwa kuwa kalenda ya wakati huo ilifuata mwezi, ikiwa na miezi mirefu ya siku 30 na mifupi ya siku 29 ambayo mpangilio wake ulibadilika kila mwaka, kila mtu alihitaji kujua ni miezi ipi iliyo mirefu ili aweze kulipa madeni na kudai malipo kwa wakati. Matajiri na wasomi wa Edo waliokutana katika vikundi vya mashairi walibuni njia ya kuficha tarakimu za miezi mirefu ndani ya picha, wakapeana picha hizo kama zawadi za mwaka mpya, na katika mwaka wa pili wa enzi ya Meiwa, yaani 1765, walishindana kuagiza picha nzuri kupindukia, pasipo kujali gharama. Mchoraji aliyeibuka katika mashindano hayo ni Suzuki Harunobu, aliyefariki mwaka 1770, na mojawapo ya picha zake za mwaka huo huitwa Yudachi, yaani mvua ya jioni. Msichana anakimbia kwa upepo unaomvuta mavazi yake, kiatu kimoja cha mti kimemchomoka mguuni, naye amenyoosha mikono kulifikia vazi lililotundikwa kwenye mwanzi kabla halijalowa. Katika nakshi za vazi hilo zimefichwa alama za mwaka na tarakimu za miezi mirefu. Hivyo fumbo la waungwana limetundikwa juu ya mwanzi wa kuanikia nguo, na anayelifumbua fumbo hilo analazimika kuitazama kwa makini kazi ambayo kila nyumba huifanya na ambayo hakuna aliyewahi kuiandikia sifa.

Wachapishaji waliona faida. Alama za kalenda zilifutwa kwenye vibao vya picha hizo, na picha zikauzwa upya kwa umma chini ya jina la nishikie, yaani picha za zari, kwa sababu wingi wa rangi zake ulifananishwa na kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa nyuzi za rangi nyingi. Kutoka hapo Harunobu alitoa, kwa agizo la shujaa wa tabaka la samurai aliyejulikana katika ushairi kwa jina la Kyosen, mfululizo wa picha nane uitwao Zashiki Hakkei, yaani mandhari nane za sebuleni, ambao ulichapwa mnamo 1766 na ambao unastahili kukaliwa kwa muda mrefu kuliko kazi zake nyingine.

Ili mfululizo huo ueleweke, ni lazima ifahamike kwamba wachoraji na washairi wa China walikuwa na desturi ya zamani ya kuzisifu mandhari nane za mahali ambapo mito ya Xiao na Xiang hukutana: mwezi wa vuli juu ya maji, bata bukini wakitua mchangani, matanga yakirejea kutoka mbali, theluji ya jioni, kengele ya hekaluni, mvua ya usiku na kadhalika. Wajapani waliihamishia desturi hiyo kwenye ziwa Biwa, katika jimbo la Omi, lakini Harunobu na Kyosen waliiingiza chumbani. Mwezi wa vuli ukawa kioo cha mviringo juu ya kitako chake, mbele ya mwanamke anayesukwa nywele. Matanga yanayorejea yakawa taulo iliyotundikwa kwenye kiango chake na kupepea. Kengele ya hekaluni ikawa saa inayogonga. Mvua ya usiku ikawa sauti ya maji yanayochemka katika birika. Theluji ya jioni ikawa pamba laini ya hariri iliyotandazwa juu ya chombo cha kuiumbia. Na bata bukini wanaotua wakawa vigingi vya koto, kinanda cha nyuzi 13, vilivyopangwa kwa mshazari juu ya ubao kama ndege wanaoshuka mmoja baada ya mwingine. Mchezo huu wa kufananisha jambo kubwa na dogo ulikuwa na jina lake, mitate, na wasomi wengi huueleza kama mzaha wa werevu. Maelezo hayo hayatoshi. Mtu hawezi kuona theluji katika pamba ya hariri kama hajawahi kuitazama pamba hiyo ikitandazwa kwa viganja, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukingo wake ukafifia. Na hawezi kusikia mvua katika birika kama hajakaa karibu na jiko usiku nyumba ikiwa imenyamaza. Mandhari iliyokuwa mali ya msafiri mwanamume imewekwa mahali ambapo mwanamke hufanya kazi, na imekaa hapo bila kulazimishwa.

Hata hivyo wanawake wa Harunobu ni wembamba kama mianzi, na nyuso zao ni moja kiasi kwamba mama, binti na mtumishi hutofautishwa kwa mavazi na nywele pekee, na hata kijana wa kiume huweza kudhaniwa kuwa msichana. Aliyeupa mwili wa mwanamke uzito wake ni Kitagawa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806, ambaye umaarufu wake ulijengwa kwa msaada wa mchapishaji Tsutaya Juzaburo (1750–1797) na ambaye kwa kawaida hukumbukwa kwa picha zake za vichwa vikubwa, yaani picha zinazomwonyesha mwanamke kuanzia kifuani kwenda juu tu. Kazi yake inayohusu mada hii kwa karibu zaidi ni picha ya jikoni ya miaka ya katikati ya 1790, iliyochapwa kwenye karatasi mbili zinazowekwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na urefu wa kiasi cha sentimita 39 na upana wa sentimita 26.

Katika karatasi ya kulia mwanamke amechuchumaa mbele ya jiko la udongo, akipuliza moto kwa kipande cha mwanzi kilicho wazi pande zote mbili, chombo ambacho huielekeza pumzi mahali pamoja na kuuepusha uso na cheche. Juu yake amesimama mwenzake mwenye kata ya kuchotea maji ya moto, naye, kwa kuwa moshi na mvuke vinapanda upande wake, amegeuza uso na kukunja macho. Katika karatasi ya kushoto mwanamke anamenya bilinganya, na mwingine anafuta bakuli huku mtoto akimng'ang'ania mgongoni. Yeyote aliyewahi kupuliza kuni mbichi anaujua mkunjo ule wa macho, na thamani yake katika historia ya sanaa hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ni moja ya mara chache ambapo uso wa mrembo wa ukiyoe umeruhusiwa kuharibiwa na jambo la kawaida. Kanuni ya urembo ilitaka uso uliotulia, wenye mstari mmoja wa pua na mdomo mdogo. Moshi umeishinda kanuni. Mikono nayo inasimulia mengi. Anayemenya ameushika mkono wa kisu karibu na mwili, kidole gumba kikiongoza ganda, na anayefuta bakuli amelizungushia kitambaa kwa kiganja kizima, kwa namna ya mtu ambaye ameyafuta mabakuli mengi na bado yako mengine.

Utamaro alirudi kwenye kazi za mikono mara nyingi. Katika picha yake ya washonaji, iliyoenea kwenye karatasi tatu, mwanamke ameinua shashi nyembamba mbele yake ili aikague, na sehemu ya mwili wake inaonekana kupitia kitambaa hicho; matokeo hayo hupatikana kwa kuongeza rangi nyepesi ya kitambaa juu ya mistari ya mwili bila kuizima, jambo linalodai mchapaji awe na mkono mwepesi kuliko wa mshonaji mwenyewe. Katika mfululizo mwingine wa mwishoni mwa karne ya 18, unaofuata saa 12 za siku ya Kijapani, ambazo kila moja ilipewa jina la mnyama, saa ya panya, yaani usiku wa manane, inaonyeshwa kwa mama anayetoka chandaruani akiwa na usingizi ili amshughulikie mtoto anayejifikicha macho. Chandarua kilikuwa mtihani mkubwa wa karakana, kwa sababu mistari yake ya wima na ya ulalo ilichongwa kwenye vibao viwili tofauti na kukutanishwa wakati wa kuchapa, na kosa la upana wa unywele liligeuza wavu kuwa doa. Kwamba mchapishaji alikubali kugharamia ufundi huo kwa ajili ya mama anayeamshwa usiku, na kwamba walikuwapo wanunuzi wa picha hiyo, ni ushahidi wa kutosha kuwa maisha ya nyumbani yalikuwa na soko lake.

Ni haki, hata hivyo, kuuliza ni mwanamke gani huyu anayeonyeshwa. Mke katika Japani ya wakati huo aliyapaka meno yake rangi nyeusi, na kwa desturi alinyoa nyusi baada ya kuzaa, kwa hiyo mnunuzi aliweza kumtambua mara moja na kumtofautisha na msichana asiyeolewa mwenye mikono mirefu ya kimono inayoning'inia. Wachoraji walizitumia alama hizo pale zilipowafaa na kuziacha pale zilipopunguza mvuto. Mfano wa wazi zaidi ni mfululizo wa Utamaro wa karatasi 12 kuhusu ufugaji wa viwavi wa hariri, ambamo hatua zote zimo, tangu kuwalisha viwavi majani ya mforosadi hadi kufuma kitambaa, lakini kazi hiyo, ambayo mashambani ilifanywa kwa jasho, harufu na kukesha, imekabidhiwa kwa warembo wa mjini waliovaa mavazi yasiyo na doa. Mwanamke wa kijijini, ambaye hariri hiyo ilitoka mikononi mwake, hayumo. Picha zilichorwa na wanaume, zikachapishwa na wanaume, na mafunzo yaliyosambazwa kwa wanawake kupitia vitabu kama Onna Daigaku, kitabu cha maadili kilichosomwa sana tangu karne ya 18, yalimtaka mke awatii wakwe na mume kabla ya nafsi yake. Jikoni kulikochorwa na Utamaro hakuna mkwe wala mume, na huenda ukimya huo nao ulikuwa sehemu ya kilichouzwa.

Sababu nyingine iliyoiingiza nyumba katika picha ni sheria, na hapa historia inahitaji kusemwa bila kupambwa. Tangu mwaka 1790 kila mchoro ulipaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri wa kiwame, yaani muhuri wa kuthibitisha, kabla ya kuchongwa. Miaka michache baadaye ilikatazwa kuandika kwenye chapa majina ya wanawake wa kawaida, kama wale wahudumu wa nyumba za chai ambao Utamaro aliwafanya mashuhuri. Naye alipoyaficha majina hayo katika mafumbo ya picha, mafumbo nayo yakakatazwa mwaka 1796, na vichwa vikubwa vikafuata mwaka 1800. Mwaka 1804 yeye mwenyewe alifungwa pingu kwa siku 50 kwa sababu ya picha zilizomhusu Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa karne ya 16, na baada ya miaka miwili alifariki. Katika mazingira hayo mama asiye na jina, anayeshona au kupika, alikuwa mada ambayo haikumpa mkaguzi sababu ya kukasirika.

Amri za mwaka 1842, katika mageuzi yaliyoitwa ya Tenpo, zilikaza zaidi: picha za waigizaji na makahaba zilipigwa marufuku, idadi ya rangi ikapunguzwa, bei ya karatasi moja ikawekewa kikomo cha sarafu 16 za moni, kiasi kilichotosha bakuli moja la tambi barabarani, na wachapishaji wakaagizwa wachague mada za kuwafundisha wanawake na watoto uaminifu na utii. Utagawa Kuniyoshi na Utagawa Kunisada, waliokuwa wakiongoza soko, walijaza pengo hilo kwa wanawake wa mjini, mama na watoto, wake wema wa hadithi za kale. Baadhi ya picha hizo ni baridi, kwa kuwa zilitengenezwa kutimiza agizo. Nyingine zina uhai wa kushangaza. Mwaka 1847, katikati ya hali hiyo, mwongozo wa mambo ya nyumbani kwa wanawake, uitwao Onna Chohoki, ulitolewa ukiwa na michoro ya Katsushika Oi, binti wa mchoraji Hokusai, na ni moja ya nafasi chache ambapo kazi za nyumbani za wakati huo zinaonekana kupitia mkono wa mwanamke mwenyewe. Inasikitisha kwamba jina lake limebaki miaka mingi chini ya kivuli cha baba yake, ilhali ustadi wake katika kumchora mwanamke ulisifiwa hata na baba huyo.

Ulaya ilizipokea picha hizi baada ya Japani kufungua bandari zake katika miaka ya 1850. Mchoraji Degas alikuwa na picha ya Torii Kiyonaga ya wanawake kwenye bafu la umma, akaitundika chumbani mwake alikolala. Mwaka 1890 maonyesho makubwa ya chapa za Japani yalifanyika Paris katika shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts, na Mary Cassatt, mchoraji Mmarekani aliyeishi jijini humo, akatoka nayo akiwa na nia ya kutengeneza chapa zake kumi za rangi, zilizokamilika mwaka 1891. Humo mama anajaribu joto la maji kabla ya kumwogesha mtoto, mwanamke anaulamba ukingo wa bahasha ili aifunge, mwingine anapimwa nguo na mshonaji. Cassatt alitumia bamba za shaba badala ya mbao na sura zake ni za Wafaransa, lakini alikuwa ameelewa jambo ambalo wakusanyaji wengi wa kiume hawakulitilia maanani: kwamba mkono unaopima maji ni mada kamili, isiyohitaji hadithi nyingine.

Nyumbani Japani mada hiyo ilipungua. Katika karne ya 20 mchapishaji Watanabe Shozaburo alihuisha mfumo wa zamani wa mchoraji, mchongaji na mchapaji chini ya jina la shinhanga, yaani chapa mpya, na wachoraji kama Ito Shinsui na Torii Kotondo, pamoja na Hashiguchi Goyo, ambaye baada ya muda alisimamia uchapaji wake mwenyewe, walitoa picha za wanawake ambazo kwa ufundi hazina mpinzani. Chapa ya Goyo ya mwaka 1920, ya mwanamke anayechana nywele, ina nywele ambazo mtu angeweza kuzihesabu. Lakini katika picha hizo, ambazo wanunuzi wake wengi walikuwa wageni kutoka Marekani na Ulaya, kilichobaki cha nyumba ni kioo, kitana na kimono cha kuogea. Jiko limezimwa, mtoto hayupo, bilinganya hazipo. Mwanamke amebaki peke yake na uzuri wake, na mikono iliyokuwa na shughuli nyingi kiasi kile sasa ina shughuli moja tu, ya kumwandaa atazamwe. Ufundi wa shinhanga ulipanda juu kuliko wa Harunobu, na ulimwengu wake ukawa mdogo kuliko ule wa Harunobu.

Leo chapa za zamani huhifadhiwa gizani kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kwa kuwa rangi za mimea, hasa buluu iliyokamuliwa kwenye petali za maua ya jamii ya kongwe, hufifia kwa mwanga, na zinapoonyeshwa huwekwa nyuma ya kioo, wima, chini ya taa hafifu. Hazikutengenezwa kwa ajili ya ukuta. Mnunuzi wa Edo aliishika karatasi mikononi, akiwa ameketi kwenye mkeka, nuru ikiingia kutoka ubavuni kupitia mlango wa karatasi, na aliigeuza kidogo huku na huko. Kwani katika chapa bora za Harunobu nguo nyeupe haikupakwa rangi yoyote, ila karatasi ilikandamizwa juu ya kibao kikavu ili nakshi na mikunjo yake iinuke bila wino. Mikunjo hiyo haionekani mtu akiitazama karatasi kwa mbele. Huonekana pale mkono unapoiinamisha, na kivuli chembamba kikapita juu ya vazi ambalo msichana amelinyooshea mikono kabla mvua haijalifikia.